Mtoto wa Muuza Chipsi

Kuna mahubiri mawili ambayo kila mtoto wa mjini ameyasikia mpaka yamemchosha masikio. La kwanza: kula vizuri. La pili: fanya mazoezi. Yanatolewa shuleni mstarini, yanatolewa kliniki, yanatolewa redioni kati ya wimbo na wimbo. Na anayeyatoa, aghalabu, akishamaliza hupanda gari lake akaenda zake. Hakuna anayebaki nyuma akauliza: huyu mtoto ale nini, cha shilingi ngapi, kipikwe saa ngapi na nani? Na hayo mazoezi akayafanyie wapi?

Mimi nadhani nina haki ya kuuliza, maana nimesomeshwa na chipsi. Sisemi kwa mafumbo. Ada yangu ya sekondari, sare, madaftari, hata kalamu niliyofanyia mtihani wa kidato cha nne, vyote vilitoka kwenye karai la mama yangu pale Tandika. Kwa hiyo, msomaji, ukiona naandika habari za chipsi usidhani naandika nikiwa ng'ambo ya barabara nimeziba pua. Naandika nikiwa nyuma ya meza, kisu cha kumenyea mkononi na moshi machoni.

Hebu kwanza nikueleze banda lenyewe lilivyo. Mama anaamka alfajiri kufuata viazi soko la Temeke Sterio. Akipata vya Njombe anafurahi, kwani anasema ni vikavu, havinywi mafuta kama vile vya majimaji. Asubuhi ni kumenya, kukata na kuloweka. Saa tisa alasiri mkaa unawashwa. Saa kumi karai limeanza kuimba, na linaimba mpaka saa nne usiku. Chipsi kavu ni buku jero. Ukitaka na mayai, yaani zege, unaongeza. Tomato na pilipili ni bure, kachumbari unawekewa kiganja kimoja. Watu husema zege halilali. Wanaosema hivyo ni mafundi wa ujenzi, lakini na letu pia halilali. Likibaki, linaliwa nyumbani usiku huohuo.

Wateja wake ni akina nani? Mafundi, makonda, wanachuo waliopanga vyumba, na watoto. Watoto wengi mno. Wakija wameshika noti iliyokunjwa mara nne huwa wametumwa na mama zao, na mama zao si wavivu kama wasemavyo watu wa mahubiri. Piga hesabu mwenyewe. Mwanamke anarudi kutoka kazini saa moja usiku, anaishi chumba kimoja cha kupanga, jiko lake liko koridoni. Akiinjika maharage, yataiva saa tatu, na mkaa wa kopo umekwisha. Akimtuma mtoto kwa mama yangu, baada ya dakika kumi chakula cha moto kipo mezani na hakuna sufuria ya kuosha. Wewe ungefanyaje?

Basi, hiyo ni biashara. Sasa nikuletee mtoto.

Kitinda mimba wetu ni msichana, ana miaka 13, yupo kidato cha kwanza. Ana akili, ana mdomo, na akicheka nyumba ya jirani wanasikia. Jina lake halitaandikwa humu, kwa sababu ameniruhusu kuandika kwa sharti hilo. Siku moja nilikaa na daftari nikaandika siku yake nzima, saa kwa saa, kama karani wa sensa. Saa kumi na moja alfajiri yupo macho. Saa kumi na mbili kasoro yupo kituoni, anagombania daladala na makonda ambao wakiona sare ya shule wanageuka viziwi. Darasani mpaka saa nane na nusu. Tuisheni mpaka saa kumi na moja. Nyumbani anaingia jua linazama. Hapo kuna kuoga, kuosha vyombo, kufua soksi, kufanya zoezi la hisabati, kulala. Nilijumlisha muda anaokaa kwenye kiti: karibu saa kumi kila siku ya Mungu. Nikatafuta humo ndani saa moja ya kuruka kamba. Sikuiona.

Kisha nikaandika anachokula. Asubuhi ni chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari, na andazi. Mapumziko ana buku lake mfukoni, na getini kwao hauzwi papai. Zinauzwa bagia, mihogo ya kukaanga, ubuyu wa rangi, barafu, juisi za unga, na soda. Kabla ya tuisheni, muhogo tena. Usiku? Usiku ni chipsi zilizobaki. Nyumbani kwa muuza chipsi, mabaki ndiyo mapishi.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu vijiko. Soda ya kola ya mililita 300 ina gramu kama 32 za sukari, yaani vijiko 8 vya chai. Weka na vile vitatu vya asubuhi, unapata 11. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari tunayoongeza kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50, vijiko kama 12. Maana yake siku akinywa soda, mdogo wangu anakaribia kumaliza sukari yake yote saa nne asubuhi, kabla ubuyu haujaingia mdomoni. Na viazi? Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori kama 85. Gramu 100 za chipsi zina kama 300. Kiazi ni kilekile cha Njombe. Maji yametoka, mafuta yameingia.

Mwaka 2024 akaanza kulalamika kichwa. Tulidhani ni macho, kusoma na taa mbovu. Tukampeleka hospitali. Daktari, kijana mmoja mpole, akampima mara ya kwanza, akangoja kidogo, akampima tena. Akasema presha yake ipo juu kuliko inavyotakiwa kwa umri wake, na uzito umezidi. Dawa hakutoa. Alitoa karatasi: punguza vyakula vya kukaanga, chumvi na soda, kula mboga na matunda, fanya mazoezi, rudi baada ya miezi mitatu. Yote kweli tupu. Mama aliipokea karatasi ile, akaikunja, akaiweka kwenye pochi, akanyamaza. Ndani ya bajaji, kimya. Tulipofika nyumbani akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, bila hata kuvua viatu.

"Kwa hiyo wanasema ndiye mimi ninayemwua mwanangu?"

"Mama, hawajasema hivyo," mdogo wangu akajibu.

"Wamesema chipsi. Chipsi hapa mtaani ni nani, kama si mimi?"

Mimi hapo, pamoja na vitabu vyangu vyote, sikuwa na la kusema. Karai lilikuwa limeinamishwa ukutani, jeusi tii, na kila mmoja wetu mle ndani alikuwa amevaa nguo iliyotoka humo.

Nimekaa na swali lile la mama muda mrefu, na ninaona lina ukubwa kuliko banda letu. Tukisema chakula cha mtoto ni tabia yake, tunamlaumu mtoto. Tukisema ni malezi, tunamlaumu mama. Na mtaani kulaumu ni kazi rahisi sana. Mdogo wangu wanamwita bonge. Wanamwita njiani, wanamwita darasani, mwalimu mmoja naye aliwahi kumwita hivyo watoto wakacheka. Wapo wanaodhani neno hilo litamfanya apungue. Neno hilo lilimfanya aache kabisa kukimbia mbele za watu. Ni nani atakayekimbia huku kundi zima linamcheka linavyomtikisika tumbo?

Halafu nyumba hiyohiyo, chumba cha tatu kutoka chetu, kuna mvulana wa umri wa miaka mitano ambaye ukimwona utadhani ana mitatu. Huyo ni mdumavu. Tanzania, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Na duniani kote, mwaka 2022, watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia. Zamani ungeweza kudhani hizi ni habari za nchi mbili tofauti. Sasa zipo koridoni mwetu, mlango kwa mlango, na majiko yao yamepakana. Mmoja amezidi na mwingine amepungua, lakini ukifunua sahani zao za jioni unakuta zinafanana: wanga juu ya wanga, mboga kidogo ya kupaka rangi, tunda hakuna.

Nimesema chakula. Nije sasa kwenye kile cha pili, ambacho kwangu mimi ndicho kinachouma zaidi: uwanja.

Mimi nilikulia Tandika hiihii, na sikumbuki hata siku moja mtu aliyeniambia nifanye mazoezi. Neno lenyewe tulidhani ni la wanajeshi na wachezaji wa Simba na Yanga. Sisi tulikuwa tunacheza. Shule ya msingi asubuhi kulikuwa na mchakamchaka, mnakimbia mistari miwili huku mnaimba, vumbi mpaka kwenye nyusi, na aliyechelewa anaungia mkiani. Jioni ilikuwa rede. Kwa asiyeijua rede: wawili wanarushiana mpira wa matambara, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, ukipigwa umetoka. Mchezo huo una kuruka, kuinama, kukimbia, kuhesabu na kugombana, vyote ndani ya nusu saa. Wavulana walikuwa na chandimu yao upande wa pili. Giza likiingia, kombolela. Tulirudi nyumbani tukiwa na njaa ya kweli, ile inayoweza kula ugali na matembele bila kuuliza nyama iko wapi.

Haya yote yalifanyika kwenye kiwanja kimoja kisicho na jina rasmi. Tulikiita "Mchangani", basi. Hakikuwa na nyasi, hakikuwa na goli la chuma. Kilikuwa na mwembe mmoja na nafasi. Mwaka 2015 vikaja vigingi. Mwaka uliofuata likaja bati la kuzungushia. Leo kuna magari yanayooshwa, na nyuma yake fremu za maduka. Nani alikiuza na nani alikinunua, mtaa una hadithi nne zinazopingana, na mimi si hakimu. Ninachojua ni kwamba sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam, milioni moja na zaidi kuliko wale wa 2012. Watu wanaongezeka, ardhi haiongezeki, na katika mtaa kitu ambacho hakina mlango wala mwenye hati huchukuliwa kwanza. Kiwanja cha watoto hakina mlango.

Watu wazima wanalaumu simu. Eti watoto wa siku hizi simu zimewaharibu, wanakaa tu wanachezea vidole. Mimi nimeshuhudia mpangilio wa mambo yalivyokuja: kwanza kiwanja kiliondoka, kisha ikaja tuisheni ya jioni, kisha barabara ikajaa bodaboda mpaka mama akakataza watoto kutoka nje. Simu ilifika mwisho, ikakuta saa iko tupu, ikakaa.

Kwa wasichana kuna jambo jingine, na nitalisema maana walioandika habari za michezo kwenye kurasa hizi wengi ni kaka zetu. Msichana akianza kuota matiti, uwanja unafungwa kwake hata kama haujauzwa. "Umekua sasa, kaa ndani." "Msichana gani anarukaruka?" Kaka yake wa umri uleule anatoka na viatu begani, yeye anabaki na vyombo. Takwimu za dunia za mwaka 2016 zinasema vijana wa miaka 11 hadi 17 wasiofikia kiwango cha kutosha cha kushughulisha mwili ni asilimia 81. Wavulana asilimia 78, wasichana 85. Kiwango chenyewe ni wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya mtoto ahemuke, na angalau siku tatu kwa wiki shughuli za kuimarisha misuli na mifupa. Mifupa hiyo haisubiri: sehemu kubwa mno ya uimara wa mifupa ya binadamu hujengwa kabla hajafika miaka 20. Yaani tunamfungia msichana ndani katika miaka ileile ambayo mwili wake unaweka akiba ya uzeeni.

Septemba 2025 Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo, mtaa mzima ulikuwa unaicheza ile video, tunapigana mabegani, Mtanzania bingwa wa dunia! Na ni haki yetu kushangilia. Ila nilitazama waliosimama pale nikajiuliza ni wangapi kati yao wana mtoto ambaye jana alikimbia hata hatua mia.

Zamani nchi hii iliwahi kulielewa jambo hili kwa namna nyingine. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wanasoma vijitabu, wanajadiliana, kisha wanainuka wanakwenda kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi zinazozunguka nyumba, kufukia madimbwi. Inakadiriwa walishiriki watu kama milioni mbili. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai", habari za lishe, kwa mtindo uleule. Mimi sikuwapo, na sitaki kupamba siku ambazo sikuziishi. Lakini ninaona tofauti moja. Kampeni ile haikumwachia mtu karatasi aikunje kwenye pochi. Ilimpa kikundi, ikampa saa, ikampa na kazi ya kufanya pamoja na jirani yake. Sisi siku hizi tumebakiza redio, vikundi tumevipoteza.

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo lilipo neno langu. Mazoea ya mtoto hayajengwi na maneno. Yanajengwa na kile kinachouzwa getini, na saa iliyobaki kabla ya giza, na kipande cha ardhi ambacho hakuna anayemfukuza. Ukimpa hivyo, mtoto atafanya vizuri hata bila kujua kwamba ni afya. Ukivichukua, unaweza kumhubiria mpaka koo likauke.

Nyumbani kwetu tulianza na tulichoweza, na aliyeanza si mimi msomi. Ni mama. Wiki ya pili baada ya hospitali alirudi sokoni na viazi vyake kama kawaida, ila juu ya gunia kulikuwa na mafungu mawili ya mchicha, dagaa, na ndimu. Akasema, "Chipsi ni za mteja. Anakula leo, kesho hayupo. Mwenye duka la pombe naye halewi kila siku." Tangu hapo mabaki yanagawiwa kwa bei ya chini saa tatu na nusu, hayalali ndani. Maharage anayainjika yeye mwenyewe saa tisa, kwenye mkaa uleule anaouwasha kwa ajili ya karai, kabla wateja hawajajaa. Jiko lile limewaka miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba lingeweza kupika vyakula viwili.

Chai ikapungua kijiko, wiki mbili baadaye kijiko kingine, ulimi unazoea. Na chai yenyewe ikahamishwa, hainywewi pamoja na mlo, kwa sababu chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage na mboga, na msichana aliyekwisha kuanza kuziona siku zake anayahitaji sana. Kipande cha chungwa au embe baada ya kula kinasaidia madini hayo yaingie. Haya nilimweleza mama mimi, naye akanijibu bibi yake alikuwa akikamulia ndimu kwenye mboga siku zote, tena hakuwahi kusoma. Andazi limebadilishana zamu na kiazi kitamu cha kuchemsha na ndizi. Buku la mapumziko lipo palepale. Ila anatoka na chupa ya maji na karanga za kuchemsha kutoka nyumbani, na akitaka bagia anakula bagia. Hakuna kilichoharamishwa. Mtoto ukimharamishia kitu utamfundisha kukila chooni.

Pale bandani napo kuna ndoo mpya. Ina vipande vya tikiti na nanasi, jero kimoja. Siku za kwanza vilidoda, tukavila wenyewe. Sasa watoto wanaotumwa chipsi wanabaki na chenji, na chenji hiyo mara nyingine inaingia kwenye ndoo. Sisemi tumeugeuza mtaa. Mama bado anauza chipsi, na ataendelea kuuza, kwani kidato cha pili kinakuja na mahitaji yake. Kachumbari ameongeza, kiganja kimekuwa viganja viwili. Mafuta yakianza kuwa meusi anamwaga, hata kama inamuuma.

Lakini kukimbia? Hapo karai halikuwa na msaada. Kuna shule ya msingi jirani, ina uwanja mkubwa, na ikifika saa tisa alasiri geti linafungwa kwa kufuli. Mchanga mtupu umelala pale mpaka asubuhi, huku watoto mia wanachungulia kwenye ukuta. Mama alivaa khanga zake mbili, akaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wakaenda wote kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu aliuliza maswali ya haki: mtoto akivunjika mkono nani atajibu? Vioo vikipasuka? Mlinzi atalipwa na nani? Wakakubaliana hivi: Jumamosi na Jumapili, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, watu wazima wawili wawepo muda wote, watoto wafagie madarasa mawili kabla ya kuondoka, na ruhusa ni ya muhula mmoja tu, itazamwe tena.

Jumamosi ya kwanza walikuja wasichana sita. Mimi nikiwa mtu mzima wa zamu, nikawafundisha rede, maana hawakuwa wanaijua, na hilo peke yake lilinitia simanzi. Mpira wa matambara nilifunga mwenyewe, mikono ilikuwa bado inakumbuka. Mdogo wangu alikaa ukutani nusu saa, amekumbatia magoti. Hakuna aliyemwita bonge, kwa sababu wasichana waliokuwapo walikuwa wanashughulika kukwepa. Halafu akapungua mtu mmoja, wakamwita aje kujaza chupa. Kumbe anajua kukwepa! Ana macho ya haraka kuliko wote. Alitoka mle amelowa jasho, uso unang'aa kama amepakwa mafuta, akaniambia, "Dada, kesho tunakuja saa ngapi?"

Sasa wapo kumi na wanane. Wavulana wana upande wao, na kuna ugomvi wa mpaka kila wiki, jambo ambalo nalihesabu kuwa ni dalili ya uhai. Mdogo wangu hakuwa mwembamba. Bado ni mnene, bado anagombania daladala, na Jumatatu mpaka Ijumaa siku yake ni ileile ya kukaa, isipokuwa jioni anashuka kituo kimoja kabla na tunatembea pamoja dakika kumi na tano tukipiga soga. Tuliporudi hospitali baada ya miezi mitatu, presha ilikuwa imeshuka, si sana, lakini imeshuka. Daktari akasema turudi tena. Mama akamuuliza, "Na chipsi?" Daktari akacheka, akasema hata yeye hununua. Mama akamwambia aje Tandika, atamwekea kachumbari nyingi.

Nawaandikia ninyi wenzangu mnaotunga mashairi ya mapenzi na hadithi za majambazi, kwa sababu ninyi ndio mnaojua kuutazama mtaa. Hebu nendeni mkahesabu viwanja vilivyobaki kwenu. Andikeni majina yake, hata kama ni majina ya mitaani tu. Kiwanja kisichoandikwa popote ni rahisi sana kuamka asubuhi ukakuta kina bati.

Muhula unaisha mwezi ujao, na mwalimu mkuu aliyetupa ruhusa amepata uhamisho. Anayekuja hatumjui, wala hatujui kama anapenda watoto au anapenda vioo. Tumeamua tumwandikie barua mapema, na wasichana wamesema wataiandika wenyewe. Aliyepewa kalamu ni mdogo wangu. Nimeiona rasimu. Ina makosa matatu ya tahajia na haina hata neno moja la afya, wala lishe, wala presha. Inasema watafagia madarasa manne badala ya mawili, na inaomba kuongezewa Jumatano, saa moja tu.

Mama amesema siku ya kuipeleka atafunga banda aende nao.